UTI sugu, au ugonjwa wa zinaa? Namna ya kutofautisha aina zake na kupima kwa wakati

Kwenye nguzo za umeme kuanzia Kariakoo hadi Mbagala kumebandikwa karatasi zinazotangaza dawa moja ya kutibu UTI sugu, PID (maambukizi ya mirija ya uzazi), fangasi na kisonono kwa mpigo. Dawa hiyo haipo na haiwezi kuwapo, kwa sababu magonjwa hayo yanaletwa na vijidudu vya aina tofauti. Kinachoua bakteria hakigusi virusi, na kinachomaliza trikomonasi hakifanyi lolote kwa kisonono. Ukijua ugonjwa uko kundi gani, unajua kipimo cha kuomba, siku ya kupima, na dawa ya kukataa ukipewa kiholela dukani.

Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya aina 30 za bakteria, virusi na vimelea vinavyoambukizwa kwa ngono. Nane ndizo zenye wagonjwa wengi zaidi. Nne zinapona kabisa: kaswende, kisonono na klamidia, zinazoletwa na bakteria, pamoja na trikomonasi, inayoletwa na kimelea. Nne nyingine ni za virusi: VVU, homa ya ini B, malengelenge ya sehemu za siri na HPV (virusi vya masundosundo na saratani ya shingo ya kizazi). Kati ya hizi za virusi, kuna ambazo mwili huzishinda wenyewe na kuna ambazo mtu anaishi nazo kwa dawa, lakini hakuna hata moja inayoondoka kwa antibayotiki.

Jambo la kushika kabla ya yote: wengi walioambukizwa hawaoni dalili. Kwa klamidia, wanawake walio wengi na karibu nusu ya wanaume hawahisi chochote. Kwa hiyo maelezo ya dalili yaliyo hapa chini yakusaidie kuelewa na kuuliza maswali, yasichukue nafasi ya kipimo.

Kwanza hakikisha kama ni UTI kweli

UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo. Mara nyingi huletwa na bakteria wa utumbo wa mgonjwa mwenyewe wanaosogea hadi kwenye mrija wa mkojo, na wanawake huugua zaidi kwa sababu mrija wao ni mfupi. Choo cha kuchangia kwenye nyumba ya kupanga husingiziwa sana. Kisonono, klamidia na kaswende havikai kwenye sinki la choo vikimsubiri mtu. Vinahitaji majimaji ya mwili au ngozi laini kugusana.

Mwenye UTI hukojoa mara kwa mara kidogo kidogo, mkojo unachoma, chini ya kitovu panauma, na mkojo unaweza kuwa na ukungu au harufu kali. Usaha hautoki wenyewe kwenye uume, na ute wa ukeni haubadiliki rangi. Kwa mwanamume wa chini ya miaka 35, UTI ya kawaida ni nadra. Kijana anayechomwa mkojo anatakiwa kufikiriwa ugonjwa wa zinaa kwanza, kisha UTI baadaye, na si kinyume chake kama inavyofanyika kwenye maduka mengi ya dawa.

Tatizo huanzia kwenye karatasi ya majibu. Kipimo cha haraka cha mkojo kinaonyesha chembe nyeupe, na hapohapo mtu anaambiwa ana UTI. Chembe nyeupe ni askari wa mwili. Zinaonyesha kuna vita, hazisemi adui ni nani. Angalia pia mstari wa naitraiti. Ukiwa chanya, bakteria wa UTI wanashukiwa zaidi. Ukiwa hasi, chembe nyeupe ni nyingi, na mkojo uliooteshwa maabara kwa siku mbili hadi tatu haukuotesha kitu, basi klamidia, kisonono au trikomonasi vipimwe. Wapo watu waliomeza dozi nne au tano za UTI sugu wakiwa na klamidia, na dozi hizo hazikuwa za klamidia.

Hata namna ya kukinga mkojo inatofautiana, na hapa ndipo majibu mengi yanapoharibika. Kwa UTI unasafisha, unaacha mkojo wa mwanzo uende, kisha unakinga wa katikati. Kwa kipimo cha vinasaba cha kisonono na klamidia unafanya kinyume: unakaa angalau saa moja, na ikiwezekana mbili, bila kukojoa, kisha unakinga mkojo wa mwanzo kabisa, mililita 20 hadi 30 tu, sawa na vijiko vinne hadi sita vya chai. Ukijaza kikopo hadi juu, vijidudu vinazimuliwa na kipimo kinaweza kusema huna kitu. Muulize mtaalamu wa maabara waziwazi: "Unataka mkojo wa mwanzo au wa katikati?" Kwa mwanamke, kijiti cha pamba kinachopakwa ukeni kinakamata klamidia vizuri kuliko mkojo.

Yanayotoa usaha au ute

Kisonono, ambacho mitaani huitwa gono, kwa mwanamume hujitokeza mapema, kwa kawaida siku 2 hadi 7 baada ya ngono. Usaha mzito wa njano au wa kijani unatoka kwenye uume na kuchafua nguo ya ndani, na mkojo unachoma kweli kweli. Mwanamke anaweza kuwa nacho miezi kadhaa bila kujua, au akaona ute umeongezeka, damu inatoka katikati ya mwezi au baada ya tendo, na tumbo la chini linauma. Kinakaa pia kooni kwa ngono ya mdomo, na kwenye njia ya haja kubwa. Kipimo cha mkojo hakiwezi kukiona huko, kwa hiyo mwambie mhudumu ulifanya ngono ya namna gani. Ni aibu ya dakika moja tu.

Klamidia huja polepole, wiki 1 hadi 3, na ute wake ni mwepesi, mweupe au kama maji. Wengi huona tone moja tu asubuhi kabla ya kukojoa. Tone hilo ndilo linaloeleza mkosi unaojirudia sana: mtu amechomwa sindano moja ya kisonono, usaha wa njano umekauka ndani ya siku mbili, amefurahi, halafu baada ya wiki moja au mbili ute mwembamba unarudi. Anadhani sindano ilikuwa feki. Mara nyingi sindano ilifanya kazi yake kwa kisonono, na kilichobaki ni klamidia iliyoingia siku ileile, ambayo seftriaksoni, dawa ya sindano hiyo, haiitibu. Ndiyo maana pasipo na kipimo cha vinasaba, hospitali hutoa dawa za magonjwa yote mawili kwa pamoja.

Trikomonasi huletwa na kimelea chenye mikia midogo kinachoonekana kikiogelea kwenye hadubini, mradi sampuli iangaliwe haraka, ndani ya dakika 10 hivi, kabla hakijatulia. Sampuli iliyokaa mezani saa nzima inatoa jibu la uongo. Kwa mwanamke ute unakuwa wa njano au kijani, wenye povu na harufu, na uke unawasha. Mwanamume kwa kawaida haoni kitu, na kwa kuwa haoni kitu hamezi dawa, na mke anaambukizwa upya kila baada ya kupona.

Kuna magonjwa mawili yanayochanganywa na haya ilhali hayahesabiwi kuwa ya zinaa. Fangasi hutoa ute mweupe mzito kama maziwa mgando, hauna harufu kali, na huwasha mno. Bakteria wa ukeni waliozidi hutoa ute wa kijivu, mwepesi, wenye harufu ya samaki inayozidi baada ya tendo. Yote mawili huchochewa na kuosha uke kwa ndani: sabuni, maji ya limau, shabu, na vipande vya manukato vinavyouzwa kwa jina la kubana uke. Ndani ya uke wanaishi bakteria wazuri wanaotengeneza tindikali ya kulinda sehemu hiyo. Ukiwaosha, unafungua mlango kwa fangasi, kwa harufu, na hata kwa VVU. Maji ya kawaida kwa nje yanatosha.

Vidonda: swali la kwanza ni kama kinauma

Kidonda cha kaswende hakiumi. Hii ndiyo hatari yake yote. Kinatokea kati ya siku 10 na 90 baada ya kuambukizwa, mara nyingi kama wiki ya tatu. Kwa kawaida ni kimoja, cha duara, kingo zake ngumu ukizibonyeza, chini ni kisafi. Kinaweza kuwa ndani ya uke, mdomoni au kwenye haja kubwa, mahali ambapo mwenyewe hataki au hawezi kuangalia. Ndani ya wiki 3 hadi 6 kinakauka chenyewe bila dawa. Waliokuwa wanapaka mafuta ya mganga wakati huo humsifu mganga.

Kaswende haijaondoka, imeingia kwenye damu. Baada ya wiki au miezi michache unakuja upele usiowasha, na mahali pa kuutazama ni viganja vya mikono na nyayo za miguu, kwa sababu magonjwa machache ya ngozi hupenda kukaa hapo. Homa ndogo, tezi kuvimba, nywele kunyonyoka kwa mabaka na vinyama bapa vyenye majimaji sehemu za siri vinaweza kuandamana nao. Hayo nayo yanapotea. Kisha unakuja ukimya wa miaka, na kwa baadhi ya watu ugonjwa unaibukia kwenye moyo, ubongo, macho au masikio. Kwa mjamzito haisubiri miaka: inamfikia mtoto tumboni, mimba inaweza kutoka, au mtoto akazaliwa amekufa au na ulemavu. Kwa sababu hiyo kaswende hupimwa kliniki ya wajawazito pamoja na VVU, na anayechelewesha hudhurio la kwanza hadi mwezi wa sita anaacha miezi ambayo sindano ingeweza kumlinda mtoto.

Dawa ni penisilini ya benzathini, yuniti milioni 2.4, inayochomwa kwenye msuli wa tako. Mara nyingi hugawanywa nusu kwa nusu kwenye matako mawili kwa sababu dawa ni nyingi na nzito. Kwa maambukizi ya chini ya mwaka mmoja au miwili, kulingana na mwongozo unaotumika, inatosha mara moja. Kama ni ya zamani au haijulikani ilianza lini, inachomwa mara moja kwa wiki kwa wiki tatu. Bakteria wa kaswende hugawanyika taratibu sana, karibu kila saa 30, hivyo inahitajika dawa inayokaa mwilini kwa wiki kadhaa. Penisilini ya kawaida ya saa chache haifai, na kidonge cha antibayotiki cha rangi mbili hakiwezi kuchukua nafasi ya sindano hii. Siku ya kwanza baada ya sindano unaweza kupata homa, kichwa kuuma na baridi. Mara nyingi ni mwili unaopambana na mabaki ya bakteria waliokufa, na hutulia ndani ya saa 24. Ikiwa umewahi kuvimba mwili au kubanwa pumzi kwa penisilini, sema kabla sindano haijavutwa.

Majibu ya kaswende nayo yanahitaji kusomwa vizuri. Kipimo cha haraka cha kuchoma kidole kinatafuta kingamwili ambazo kwa walio wengi hubaki maisha yote, hata baada ya kupona. Aliyetibiwa miaka mitano iliyopita ataonekana chanya leo, na ndoa nyingi zimetikisika kwa mstari huo. Kinachoonyesha kama ugonjwa uko hai au la ni kipimo cha RPR au VDRL chenye namba, kama 1:32. Baada ya tiba namba hiyo inatakiwa kushuka mara nne au zaidi, kutoka 1:32 hadi 1:8 kwa mfano, ndani ya miezi 6 hadi 12. Tunza karatasi ya kwanza, kwani bila namba ya mwanzo hakuna wa kujua kama imeshuka.

Vidonda vinavyouma vina mambo mengine. Malengelenge ya sehemu za siri huanza kwa kuwasha au kuchomachoma, kisha vinatokea vilengelenge vidogo kwa kundi, vinapasuka na kuacha michubuko inayouma hasa mkojo ukigusa. Mara ya kwanza huwa kali, inaweza kuleta homa na mitoki. Virusi vinabaki kwenye mishipa ya fahamu na kurudi baadaye, kwa kawaida kwa nguvu pungufu. Asiklovia inafupisha siku na kupunguza makali, na inafanya kazi vizuri ikianza ndani ya siku tatu za kwanza. Haiviondoi virusi mwilini. Pangusa, yenye vidonda laini vyenye usaha vinavyouma na mtoki unaovimba hadi kupasuka, siku hizi imekuwa nadra, ila bado hutibiwa na inapona.

Kidonda chochote kile kinarahisisha VVU kuingia na kutoka. Ukitibiwa kidonda bila kupima VVU, kazi imefanyika nusu.

Vinyama na HPV

Masundosundo ni vinyama vidogo visivyouma, vinavyoota kwenye ngozi ya sehemu za siri au haja kubwa na wakati mwingine kukusanyika kama uyoga. Huletwa na HPV, hasa aina ya 6 na ya 11, ambazo si za saratani. Aina ya 16 na ya 18 haziotieshi kinyama cha kuonekana. Hizo hukaa kimya kwenye shingo ya kizazi na ndizo zinazosababisha sehemu kubwa ya saratani ya hapo. Kwa hiyo kutokuwa na masundosundo si kinga, na kuwa nayo si hukumu ya saratani. Yanaondolewa kwa dawa ya kupaka, kugandishwa au kuchomwa hospitalini. Usijipake tindikali wala dawa za kuchubua unazouziwa mtaani, kwani ngozi ya pale ni laini na inachomeka haraka.

Tanzania ilianza kutoa chanjo ya HPV nchi nzima mwaka 2018, na mwaka 2024 ikahamia kwenye dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mwanamke wa miaka 30 na kuendelea, au 25 kama anaishi na VVU, achunguzwe shingo ya kizazi. Mhudumu anapaka siki maalumu na kusubiri dakika moja hivi. Sehemu yenye mabadiliko inageuka nyeupe. Taasisi ya Saratani Ocean Road na hospitali za rufaa za Amana, Temeke na Mwananyamala ni mahali pa kuulizia.

Yasiyo na alama sehemu za siri

VVU na homa ya ini B havitoi usaha wala kidonda. Homa ya ini B huambukiza kwa urahisi kuliko VVU, kwa ngono, damu na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Baadhi ya watu huigundua wanapochangia damu, kwa kuwa Damu Salama hupima kila chupa. Lakini usichangie damu kwa nia ya kujipima. Maambukizi ya siku za karibuni yanaweza kupita bila kuonekana na damu ikampata mgonjwa. Ukikutwa huna, chanjo ya mtu mzima ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi sita.

Kwa VVU, upimaji na dawa ni bure kwenye vituo vya umma, na tangu marekebisho ya sheria ya 2019 kijana wa miaka 15 anaweza kupima bila ridhaa ya mzazi. Kwa kipimo cha kujipima cha mate, usile wala kunywa kwa muda ulioandikwa kwenye karatasi yake, zungusha kijiti kwenye ufizi wa juu na wa chini mara moja moja, usipige mswaki kabla, kisha soma ndani ya muda ulioelekezwa, maana mstari unaojitokeza baada ya hapo hauhesabiki. Mistari miwili si jibu la mwisho. Nenda kituoni ukathibitishe. Anayetumia ARV (dawa za kufubaza VVU) au PrEP (dawa za kujikinga na VVU kabla ya kuambukizwa) asikitumie, kinaweza kumdanganya. Anayeishi na VVU, anayemeza dawa kila siku na virusi vimefubaa hadi havionekani kwenye kipimo, haambukizi mwenza wake kwa ngono.

Chawa wa mavuzi na upele wa kuwasha (skabisi) huambukizwa pia kwa kulala pamoja, bila tendo. Upele huwasha zaidi usiku. Wote wa nyumba moja wapakwe losheni siku ileile kuanzia shingoni hadi nyayo, mashuka na nguo zifuliwe kwa maji ya moto na kupigwa pasi.

Siku ya kupima

Ukipima mapema mno unapata jibu la kufurahisha lisilo la kweli. Kipimo cha vinasaba cha kisonono na klamidia kifanyike wiki 2 baada ya ngono uliyoitilia shaka. Trikomonasi, wiki 1 hadi 4. Kaswende huanza kuonekana kwenye wiki ya 4 hadi ya 6, na jibu hasi la kuaminika ni la siku 90. VVU kwa vipimo vya haraka na vya kujipima, siku 90 pia. Homa ya ini B, kuanzia wiki 4, na rudia mwezi wa 3. Ukiwa na usaha, kidonda au maumivu, usihesabu siku hizi, nenda leo.

Ratiba rahisi inayofaa watu wengi: nenda wiki ya 2, kisha wiki ya 6, kisha siku ya 90, na katikati tumia kondomu au subiri.

Ukifika kituoni

Huhitaji kwenda Muhimbili. Zahanati na vituo vya afya vya serikali vinatibu magonjwa ya zinaa, na kama hakuna kipimo, mhudumu anatumia utaratibu wa dalili: usaha wa uume, ute wa ukeni, vidonda, tumbo la chini, korodani kuvimba, kila moja ina dawa zake zilizopangwa. Utaratibu huu ni mzuri kwa wanaume wenye usaha na kwa vidonda. Kwa ute wa ukeni ni dhaifu, kwa sababu fangasi na klamidia vinaweza kufanana. Hapo inafaa kudai kipimo hata kama ni kwa kulipia.

Usipake dawa, usioshe uke ndani, na usimeze antibayotiki kabla ya kwenda. Sema mambo haya bila kuzunguka: dalili na siku ilipoanza, siku ya ngono ya mwisho bila kondomu, kama ilihusu mdomo au haja kubwa, dawa ulizokwisha kumeza, mzio, na ujauzito au uwezekano wake. Sentensi moja inatosha kufungua mazungumzo: "Daktari, nina dalili za ugonjwa wa zinaa, naomba nipimwe na kaswende na VVU pia."

Dozi, na mwenza

Siprofloksasini ilikuwa dawa ya kisonono miaka ya nyuma. Usugu umesambaa duniani kote na haitegemewi tena, ila bado inauzwa dirishani kwa mazoea. Kisonono leo kinahitaji sindano ya seftriaksoni. Klamidia hutibiwa kwa doksisaiklini miligramu 100, asubuhi na jioni kwa siku 7. Ute ukikauka siku ya tatu, vidonge vilivyobaki bado ni vyako. Meza kwa glasi nzima ya maji, usilale kwa nusu saa maana kinaweza kukwama na kuchoma koromeo, na usikimeze pamoja na maziwa au dawa ya kiungulia. Mjamzito hapewi doksisaiklini, anapewa azithromaisini. Trikomonasi ni metronidazoli, na kwa mwanamke dozi ya siku 7 inaponya zaidi kuliko ya mara moja.

Mwenza atibiwe hata kama hana dalili, na wote mliolala nao miezi mitatu iliyopita wajulishwe. Msikutane kimwili hadi siku 7 zipite baada ya wa mwisho kati yenu kumaliza tiba. Anayeshindwa kuanza mazungumzo aseme hivi: "Nimepima, nimekutwa na maambukizi yanayotibika. Mara nyingi hayaonyeshi dalili, kwa hiyo nakuomba ukapime na kutibiwa." Msitafute kwanza nani alileta, klamidia inaweza kukaa muda mrefu bila dalili na mara nyingi haiwezekani kujua. Kugawana vidonge nusu kwa nusu kunawaacha wote wawili hawajapona. Baada ya miezi mitatu pima upya kisonono na klamidia, kwa sababu kuambukizwa tena ni jambo la kawaida.

Kondomu inakinga vizuri sana yanayotoka kwa majimaji: VVU, kisonono, klamidia, trikomonasi. Kwa kaswende, malengelenge na HPV inapunguza tu, kwani kidonda kinaweza kuwa nje ya inapofika. Joto la Dar linaiharibu: ikikaa kwenye pochi ya mfukoni au kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani, mpira unakuwa dhaifu hata kama tarehe haijapita. Bonyeza pakiti kabla ya kuchana. Isipokuwa na hewa ndani, itupe. Mafuta ya nazi, losheni na mafuta ya mgando yanaozesha mpira ndani ya dakika chache, kwa hiyo tumia vilainishi vya maji. Mbili kwa pamoja zinasuguana na kupasuka.

Yasiyosubiri kesho

Mwanamke mwenye maumivu makali ya tumbo la chini pamoja na homa, kutapika, au hedhi iliyochelewa, aende hospitali usiku huohuo. Inaweza kuwa maambukizi ya mirija ya uzazi, au mimba nje ya mfuko wa uzazi inayovuja damu ndani.

Korodani inayouma ghafla kwa kijana inaweza kuwa imejisokota, si kisonono, na ina saa 6 hivi za kuokolewa kwa upasuaji. Usaha kwenye macho ya mtoto mchanga unaweza kumpofusha ndani ya siku chache. Upele wa kaswende ukiambatana na kuona ukungu, masikio kuvuma au kichwa kuuma sana, unahitaji hospitali kubwa.

Na kama kondomu imepasuka na mtu usiyemjua hali yake, au mtu amebakwa, dawa za PEP za kuzuia VVU zianze haraka iwezekanavyo, mwisho saa 72, na humezwa siku 28 bila kuruka. Aliyebakwa aende kabla ya kuoga na kubadili nguo, na kama ameshabadili, achukue nguo alizokuwa amevaa kwenye mfuko wa karatasi. Kila saa inayopita inapunguza nguvu ya dawa hizo, hivyo panda chochote kilicho karibu, bodaboda au teksi, uende idara ya dharura moja kwa moja, wala usisubiri kliniki ifunguliwe Jumatatu.